Hilo gitaa ni kampuni gani?

Hapa Mwanza swali hilo nimeulizwa Kirumba, nimeulizwa Igoma, nimeulizwa harusini Sengerema na kwenye mkesha wa kanisa Buzuruga. Tukipumzika, mtu anasogea karibu na jukwaa, anainama kusoma maandishi ya kichwani mwa gitaa, anayasoma mara ya pili, kisha ananitazama usoni. "Hilo gitaa ni kampuni gani, mzee?" Namtajia. Anasema "ahaa" ya mtu ambaye hajapata alichotaka, anarudi kwenye kiti chake.

Wiki tatu zilizopita aliyeniuliza hakurudi kwenye kiti. Ni kijana wa chuo, anakaa Nyegezi, anapiga solo kwenye kwaya yao na mwisho wa wiki anapiga na bendi mbili za harusi. Aliniamkia, akasubiri tumalize kufungasha vyombo, ndipo akanionyesha simu. Kulikuwa na picha ya gitaa zuri sana, mbao zake zina mistari kama ziwa linapopigwa na upepo wa asubuhi. Limetengenezwa na karakana ndogo huko Poland. Bei yake dola 1,650.

"Mzee wangu, nimekusanya milioni nne na nusu kwa miaka mitatu. Wenzangu wote wananiambia chukua Fender au Gibson, hili halijulikani. Wewe unalo lisilojulikana na unalipiga kila wiki. Ninunue?"

Sikumjibu usiku ule. Miaka mitatu ya kuweka pesa haijibiwi na mtu aliyesimama huku ameshika spika. Nilimwambia aje Jumatatu karakana kwangu, Mabatini. Tumeonana mara nne tangu siku hiyo, na kila mara maneno yaliongezeka. Nayaandika hapa kwa sababu najua wako wengine wanaolala na picha ya gitaa kwenye simu.

Nijieleze kidogo. Mchana nasuka mota. Pampu za maji, mashine za kusaga, mota za majokofu ya samaki, zikiungua zinaletwa kwangu. Natoa shaba iliyokufa, nasuka mpya, napaka vanishi, mota inarudi kazini. Jioni na mwisho wa wiki napiga gitaa, miaka 30 sasa, zaidi ya nusu ya umri wangu. Kazi hizi mbili ziko karibu kuliko watu wanavyodhani. Ukifungua pikapu ya gitaa la umeme, kile kidude cha chini ya nyuzi kinachodaka sauti, utakuta koili: waya wa shaba mwembamba kama unywele, umezungushwa mara 8,000 hivi kwenye sumaku sita, moja kwa kila uzi. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme kidogo unazaliwa ndani ya shaba, unasafiri kwenye waya hadi kwenye amplifaya. Ni jenereta ndogo unayoizungusha kwa kidole. Kwa hiyo muuzaji akiniambia pikapu zake zina roho, namsikiliza kwa heshima, halafu namuuliza ni mizunguko mingapi na sumaku ya aina gani.

Tuanze na hili la jina, maana ndilo linalowasumbua wenzake.

Leo Fender alikuwa fundi redio katika mji wa Fullerton, California. Mwaka 1950 alitoa gitaa la ubao mzima akaliita Broadcaster, na hata jina hilo hakukaa nalo, kwa sababu kampuni ya Gretsch ilikuwa na ngoma zenye jina kama hilo. Likawa Telecaster. Stratocaster ikaja 1954. Mwaka 1965 aliiuza kampuni, pamoja na jina lake mwenyewe, kwa CBS, kampuni ya redio na televisheni. Lakini mkono haukustaafu. Baadaye alibuni vyombo vya Music Man, kisha akaanzisha G&L pamoja na mwenzake wa siku nyingi, George Fullerton, na huko alifanya kazi hadi alipofariki mwaka 1991. Nilimuuliza kijana: gitaa alilolibuni Leo Fender akiwa mzee mwenye uzoefu wa miaka 40, kichwani limeandikwa G&L, ukija nalo Mwanza utaambiwa nini? Akasema, "Wataniambia ni feki."

Gibson nayo ina kisa chake. Kiwanda cha zamani kilikuwa Kalamazoo, Michigan. Mwaka 1984 kikafungwa, kazi zote zikahamia Nashville. Baadhi ya mafundi hawakutaka kuhama, na mwaka 1985, ndani ya majengo yaleyale, wakaanza kutengeneza magitaa wakiyaita Heritage. Jina lilihamia Nashville, mikono ikabaki Kalamazoo. Sijawahi kuliona gitaa la Heritage kwenye jukwaa lolote la Kanda ya Ziwa.

Kijana alifurahi sana kusikia hayo. Ilibidi nimzuie asifurahi haraka, kwa sababu upande wa pili wa jina nimeuonja.

Gitaa langu nililinunua mwaka 2019 kwa Mjerumani aliyekuwa kwenye mradi mmoja wa samaki huku ziwani. Mkataba wake ulikwisha, hakutaka kurudi na mizigo. Limetengenezwa na karakana ya watu wachache nchini kwao, na yeye alilinunua jipya kwa karibu euro 3,000. Mimi nilimpa milioni tatu na laki mbili, kwa awamu mbili. Jina la karakana silitaji hapa, sababu mtaiona mbele. Mwaka 2022 mke wangu alihitaji upasuaji na pesa zilikuwa zimepungua. Nikasema gitaa liende. Nilipiga simu kwa kila mpiga gitaa ninayemjua kuanzia Musoma hadi Bukoba. Bei ya juu niliyopewa ilikuwa laki saba. Laki saba! Wiki hiyohiyo mwenzangu wa rithimu alitoa Yamaha yake, gitaa la kawaida kabisa, ikanunuliwa kabla ya jua kuzama, kwa sababu kila mtu anajua Yamaha ni nini na itauzwa tena kwa kiasi gani. Niliuza mashine yangu ya kuchomelea, mke wangu akatibiwa, gitaa likabaki. Tangu siku hiyo ninapolitazama najua kwamba pesa iliyo ndani yake haitoki. Ukilinunua gitaa la namna hii huku kwetu, hesabu kama umenunua chakula.

Basi chakula chenyewe kina ladha gani?

Hapa nataka niende polepole, kwa sababu ndipo penye ukweli ambao picha ya simu haiwezi kuuonyesha. Chukua gitaa la laki nne, pitisha kiganja pembeni mwa shingo kuanzia kichwani kuja mwilini. Kiangazi cha Juni hadi Agosti ubao wa shingo unakauka na kusinyaa kidogo, chuma hakisinyai, basi ncha za freti, vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo, zinatokeza kama meno ya msumeno. Niliwahi kupiga harusi usiku mzima Magu na gitaa la hivyo. Asubuhi shina la kidole cha shahada lilikuwa na mikwaruzo kama nimepita kwenye miiba. Gitaa langu lina freti 22, maana yake ncha 44. Kila ncha imepitiwa na tupa ndogo, ikaviringwa, ikasuguliwa kwa msasa wa laini hadi ikawa kama ukingo wa kijiko. Fundi hafanyi hivyo kwa dakika kumi. Anakaa hapo asubuhi nzima, na asubuhi yake ya Ulaya ina bei ya Ulaya. Hapo ndipo sehemu kubwa ya zile euro ilipokwenda, wala simlaumu.

Halafu chuma chenyewe. Freti za kawaida ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Wazungu wanauita fedha ya nikeli ingawa fedha hamna ndani yake. Ni chuma laini. Sasa fikiria sisi tunavyopiga. Sebene ikianza, mpiga solo hatembei shingo nzima. Anakaa mahali pamoja, freti ya tano hadi ya 12, anazungusha kifungu kilekile dakika sita, dakika nane, wachezaji wakikolea anaendelea, uzi wa kwanza na wa pili vinasugua palepale, na jasho la Mwanza linateremka mkononi. Gitaa langu la kwanza lilikuwa linachimbika freti kama njia ya ng'ombe. Miaka miwili tu, uzi unaanza kuguna, ukibonyeza hapa inalia ya pale. Kwa miaka tisa nilizibadilisha mara mbili. Hili la sasa lina freti za stenlesi. Stenlesi inakula tupa za fundi na inataka muda, lakini miaka sita nimelipiga kila wiki na ukizimulika freti zake kwa tochi huoni hata alama ya kucha. Kwa mtu wa rumba na benga, hilo si pambo. Angekuwa hai Daniel Owino Misiani, mpiga gitaa wa benga, mwana wa Shirati upande wetu wa ziwa, ningetamani alishike gitaa hili dakika tano tu aniambie vidole vyake vinasemaje.

Na sauti? Jumatatu ya pili tulifanya jaribio. Kijana alikuja na gitaa lake analopigia sasa, la laki nne na nusu, limetoka Indonesia. Nilimwita mpiga besi wetu, nikamgeuza ukutani, kijana akapiga kifungu kimoja mara kumi, akibadilisha magitaa bila mpangilio, yote kwenye amplifaya moja. Mpiga besi, mtu mwenye masikio makali kuliko wote ninaowajua, alipatia sita. Kurusha sarafu kungempa tano. Nilichojifunza pale sikuwa nimekifikiria sawasawa miaka yote hii: tofauti kubwa ya gitaa hili haiwafiki waliokaa mezani. Inaishia kwenye kiganja cha anayelipiga. Lakini nilimwona kijana pia. Alipolishika la kwangu mabega yalishuka, akaanza kujaribu vitu ambavyo kwenye lake havijaribu. Akafunga macho. Hilo nalo ni kitu, na mpiga gitaa mwenye mkono uliotulia hatimaye anasikika hata mezani, japo kwa njia ndefu.

Ndiyo maana nilimuuliza kuhusu amplifaya. Hana. Kanisani anachomeka moja kwa moja kwenye miksa, harusini anatumia chochote anachokikuta. Nikamwambia gitaa la milioni tano likipita kwenye spika iliyochanika litatoka limechanika, na watu watasema ni yeye. Nikamwambia pia kuhusu majukwaa yetu, ambayo mengi hayana ethi ya maana, jenereta linaunguruma nyuma ya hema na taa za rangi zimechomekwa kwenye waya uleule. Pikapu ya koili moja inaudaka mngurumo wa umeme na kuupeleka kwenye spika kama nyuki. Dawa yake ni koili mbili zilizosukwa na kuunganishwa kwa kupingana, na sumaku zake nazo zimegeuziana: mngurumo ukiingia kwenye zote mbili unajifuta, sauti ya uzi inajumlishwa. Seth Lover wa Gibson aliiombea hataza mwaka 1955. Ni ufundi uleule ambao mimi naujua kwenye mota, wa pande mbili kusukuma na kuvuta. Leo koili mbili unazipata kwenye gitaa la laki tano. Viwanda vya sasa navyo vimekuwa vizuri mno. Cort kule Indonesia wanatengeneza magitaa ya majina chungu nzima, shingo zinakatwa na mashine zinazoongozwa na kompyuta, na zinatoka zimenyooka. Nilipoanza gitaa mimi, la bei ndogo lilikuwa adhabu. Siku hizi ni chombo halali kinachosubiri fundi wa kulimalizia.

Na hilo nililifanya. Gitaa lake la laki nne na nusu nililibakiza karakana siku tatu. Nilisawazisha freti kwa rula ya chuma na msasa, nikaviringa ncha, nikakaza kidogo ile fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo ili shingo isipinde mno, nikashusha nyuzi hadi kwenye freti ya 12 zikawa juu kwa milimita mbili pungufu kidogo. Alipolichukua alisema mara mbili, "Mzee, hili ni langu kweli?" Nilimtoza elfu 40. Sisemi limekuwa sawa na la kwangu. Limesogea zaidi ya nusu ya njia, na akiba yake bado iko benki.

Niseme sasa kwa nini sikutaja jina la karakana ya Kijerumani. Mwaka 2021 swichi ya kuchagulia pikapu ilikufa katikati ya onyesho Kirumba. Nilifungua mgongo wa gitaa nikakuta kitu ambacho sijawahi kukiona: swichi waliyoibuni wenyewe, imekaa juu ya kibao cha saketi chenye umbo lake, hainunuliki popote isipokuwa kwao. Nikaandika barua pepe. Kimya. Nikaandika tena. Jibu lilikuja baada ya wiki saba, sentensi mbili: tutumie gitaa tulitazame. Kulituma gitaa kutoka Mwanza hadi Ujerumani na kulirudisha! Mwisho nilikiondoa kile kibao, nikaagiza swichi ya kawaida ya njia tano kutoka Dar, ikaja kwa basi, elfu 15, nikachomelea kwa risasi usiku mmoja. Gitaa lilikuwa na sauti saba, zimebaki tano. Watu wale walitengeneza chombo bora, na nyaya zao za ndani zilikuwa nadhifu kuliko zangu. Ila waliponiandikia nilijua kwamba hawakufikiria hata siku moja kwamba gitaa lao linaweza kuishi kando ya Ziwa Victoria.

Kwa hiyo kwenye picha ya Poland nilichotazama kwanza ni vyuma. Funguo za kukazia nyuzi ni za Gotoh wa Japani, pikapu ni za Seymour Duncan wa California, briji, pale nyuzi zinaposhikiliwa mwilini, ni ya vipimo vya kawaida. Hapo nilipumua. Karakana nyingi ndogo hununua vitu hivi kwa wataalamu hao, nazo zinatia nguvu kwenye mbao na freti. Ufunguo ukivunjika Nyegezi, wa kuubadili utapatikana.

Kitu kingine kwenye tangazo kilinigusa. Kijana alinisomea kwa sauti ya kunong'ona kwamba ukiongeza pesa wanakuwekea ubao wa vidole wa mti mweusi wa Afrika, mgumu, wa thamani. Nikamwambia mwanangu, huo ni mpingo. Ni mti wetu wa taifa. Wamakonde wanauchonga, unakatwa Kilwa na Lindi, unakwenda Ulaya kuwa klarineti na zumari, na sasa ungerudi Mwanza ukiwa kwenye shingo ya gitaa, umelipiwa nauli mara mbili na ushuru juu. Alinitazama kama nimemwambia habari ya ndugu yake. Sikumwambia asiuchukue. Ni ubao mzuri kupita kiasi, mzito, unang'aa bila rangi, na naona uchungu kwamba nimesuka mota miaka 27 mita chache kutoka kwa maseremala hodari bila kumwona mmoja wetu akijenga shingo ya gitaa kwa mpingo akaiuza kwa bei yake.

Tukakaa na kalamu. Dola 1,650 kwa bei ya dola tuliyoitumia, shilingi 2,500, ni 4,125,000. Usafiri tukakadiria laki nne. Inakuwa 4,525,000, tayari amepita akiba yake. VAT ya asilimia 18 juu ya hapo ni 814,500. Jumla 5,339,500, na ushuru wa forodha bado sijauweka. Alikuwa hajui. Wengi hawajui, wanaona bei ya kwenye simu wanadhani ndiyo bei ya Mabatini. Nilimwona akikunja uso, nikanyamaza, nikachemsha chai.

Wakati tunakunywa ndipo aliposema jambo lililobadilisha mawazo yangu. Alisema kwenye bendi moja wamempa mi-composé. Kwa wasioijua: unatoa uzi wa nne, ule wa D, unaweka mwembamba unaotyuniwa oktavu moja juu, ndiyo ile sauti ya kung'aa inayokaa kati ya solo na rithimu kwenye muziki wa Kikongo. Tabu yake iko kwenye mfupa, kile kipande kidogo cha juu ya shingo ambacho nyuzi hupitia kabla ya kufika kwenye funguo. Mfereji wa uzi wa nne umekatwa kwa uzi mnene. Ukipitisha mwembamba unacheza humo ndani, unalia kama nzi kwenye chupa, na tyuni haikai. Hata kwenye gitaa langu la euro 3,000 ulilia hivyo. Nilikwenda buchani nikachukua mfupa wa mguu wa ng'ombe, nikauchemsha kutoa mafuta, nikauanika juu ya bati wiki tatu, nikaukata kwa msumeno wa chuma na kuuchonga mfereji upya kwa tupa nyembamba. Ndio ulioko hadi leo.

Kiwanda kikubwa hakitakukatia mfupa wa mi-composé kwa bei hiyo. Hakikujui. Karakana ya watu sita inaweza, kama inataka. Na mtu akiniuliza gitaa ghali lisilojulikana linafaa lini, kwangu ni hapo tu: pale mtengenezaji anapokuwa tayari kukusikiliza wewe, muziki wako, hali ya hewa yako, kabla hajakata ubao. Ukilinunua kwa picha, kama lilivyo, umelipia mbao zenye mistari.

Nikamwambia usitume hata senti. Waandikie kwanza. Waeleze unakaa wapi, kwamba kuna masika na kiangazi na ziwa liko dirishani. Waulize kama shingo itatulia. Waulize bei ya freti za stenlesi. Waeleze mi-composé kwa urefu, uone kama watauliza chochote. Wakijibu kwa bei tu, achana nao, nunua amplifaya nzuri na uendelee na gitaa lako tulilolitengeneza. Wakinyamaza wiki saba, mimi najua maana yake.

Aliandika Jumanne usiku, Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu. Alhamisi alikuja mbio na bodaboda, hata salamu ilimpotea kidogo. Walikuwa wamejibu. Stenlesi wanaweka. Shingo wanapendekeza ya mbao ya mepo iliyookwa tanurini, maana unyevu hauisumbui sana. Walikuwa hawajawahi kusikia mi-composé, wakatafuta, wakasikiliza, wakapenda. Na mwishoni waliuliza: huo uzi wa nne ni wa unene gani hasa, tuukatie mfereji wake?

Kijana hakujua. Anaununua Dar mmojammoja, umekunjwa kwenye karatasi isiyoandikwa kitu. Nikavuta droo, nikatoa mikromita yangu, ile ninayopimia waya wa kusukia mota. Nikamwambia ashike uzi ukae wima. Nikazungusha hadi ikagusa, nikafuta vanishi kwenye miwani, nikasoma. Milimita 0.25.

"Andika," nikamwambia. Akaandika palepale, amesimama mlangoni. Pesa bado hajatuma. Inapungua karibu milioni moja, na anasema ana harusi tisa kati ya sasa na Desemba.